Ishirini ya Kadi ya Kliniki

“Shilingi ishirini ya kadi, mama, ama upishe wengine!” karani wa kliniki ya mtaa wetu alifoka juzi.

“Sipishi!” akajibu mama mjamzito kutoka Njiru, mfanyakazi wa kibarua kiwandani, mikono kiunoni. “Kanisani mlisema nisitoe mimba. Redioni mkasema nisitoe. Sikutoa, huyu hapa! Sasa mnamdai hata kabla hajazaliwa?”

Foleni nzima ikacheka. Karani akaruka kutoka kitini ili amjibu vizuri, na hapo sote tukaliona tumbo lake, la miezi saba hivi.

“Kwani unafikiri mimi sikulipa?”

“Wuui! Hata wewe, dadangu?”

Vigelegele vikapanda. Mama akapitisha mkono dirishani, akalipapasa lile tumbo, wakacheka wote wawili mpaka karani akapangusa machozi. Kisha akagonga muhuri kwenye kadi ya mama bila kuitisha hata senti.

Nyinyi wakubwa mnaotuhubiria kuhusu mimba, nawaambia waziwazi: mkimwambia mtu azae, msaidieni kuzaa. Kadi ziwe bure kuanzia kesho, na karani arudishiwe ishirini yake.