Nyasi za Eliezeri

Shangazi yangu Damari alizaliwa Umalila, juu kule kwenye baridi, ambako mtu anaweza kuzeeka akiwa ameona nyoka mara tatu tu. Mara zote tatu shangazi alitimua mbio. Tulimcheka, naye akacheka pamoja nasi, na leo kicheko kile kinaniuma.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, mumewe Eliezeri, mzee wa kanisa na mbishi wa kuzaliwa, aliamua wateremke Usangu wakalime mpunga. Wakapewa kiwanja jirani na Maganga, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ambaye ujanani alicheza ngoma za nyoka. Maganga alipowaona wanakata nyasi za kuezekea, aliwaeleza kwamba huku bondeni matita hayalazwi chini. Husimamishwa kuzunguka mti, na kabla ya kubebwa hupigwapigwa kwa fimbo. Eliezeri akamjibu kwamba yeye ameezeka nyumba tangu hajaota ndevu. Akayalaza kama tunavyoyalaza mlimani, lundo kubwa nyuma ya nyumba, yakakaa wiki nzima.

Asubuhi aliyotaka kuanza kuezeka, aliinua tita la kwanza na kifutu akamuuma mkono. Eliezeri akaanguka chali, tita likamwangukia kifuani, nyoka yumo. Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka pale, ameshika jembe.

"Mpige, Damari," Eliezeri alimwambia.

Shangazi alitupa jembe akakimbia. Aliporudi na Maganga, mumewe alikuwa ameshaumwa tena, safari hii shingoni. Walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akafa kabla hawajafika barabara kuu. Mganga aliyeutazama mwili alisema kwamba lile jeraha la mkono peke yake pengine angelipona. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu na akili zake aone ni lazima kumwambia mjane neno kama hilo.

Mvua zilikuwa karibu na nyumba haikuwa na paa. Sisi ndugu tulimsihi arudi mlimani. Akakataa, akasema hawezi kuliacha kaburi la mumewe peke yake ugenini. Lakini kubaki kulitaka paa, paa lilitaka nyasi, na nyasi zote zilikuwa kwenye lundo lile ambalo hakuthubutu hata kulitazama.

Akaenda kwa Maganga kumwomba amfundishe kutoogopa. Mzee alikuwa na chatu aliyemfuga kwenye kikapu. Siku za kwanza alimkalisha shangazi nje ya mlango tu, yeye akimshika chatu ndani. Baadaye akamwambia asogee hatua moja, kesho yake nyingine. Shangazi alitapika, na bado alirudi. Wiki ya tatu akaweka kiganja mgongoni mwa chatu, akashangaa kukuta ni mkavu. Kanisani wakamtenga na meza ya Bwana kwa kwenda kwa wacheza nyoka.

Kisha akachukua fimbo, akalifumua lundo tita kwa tita, peke yake. Hakumkuta nyoka hata mmoja. Nyumba ikaezekwa siku mbili kabla ya mvua.

Nilipokwenda kumtembelea mwaka 1979, kijiji kizima kilikuwa kikimwita yeye kila nyoka anapoingia nyumbani kwa mtu. Siku ile walimwita kwenye ghala la mpunga. Aliingia bila haraka, akatoka amemning'iniza kifutu mfu kwenye fimbo, na wanawake wakampigia vigelegele. Tulipofika nyumbani alinawa mikono, akakaa jikoni, akakataa kula. Nilimwambia angepaswa kujivunia, maana hofu yake imekwisha kabisa.

"Imekwisha, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana kila nikimuua mmoja, najua kwamba hata siku ile ningeweza."