Siku Nilipopima Sanduku la Nekesa kwa Otis

Hii stori siipendi, lakini kwa vile imeshafika mpaka shuleni ikiwa imeongezwa chumvi, afadhali muisikie kwangu: mimi ndiye niliyefanya sanduku la sista yangu lifunguliwe mbele ya watu wote pale ewapoti, uwanja wa ndege, na mpaka leo nikipita mtaa wa Laini Saba kuna watu wananiita Kilo.

Nekesa alikuwa amemaliza koleji juzi tu, akatafuta kazi hapa Nairobi mpaka soli za viatu zikaisha, ndipo shule fulani huko Vietnam ikamchukua akafundishe watoto Kiingereza. Mtaa wetu wote wa Mashimoni ulijua. (Mama alitangaza kanisani mara mbili, ya pili akijifanya amesahau ile ya kwanza.) Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kupeleka lile sanduku jekundu lipimwe, kwa sababu ndege inakubali kilo ishirini na tatu, na zikizidi ni kulipa, na sisi nauli yenyewe tulikuwa tumechangiwa. Nekesa alisema niende posho mill, pale wanaposaga unga, mizani yao ni ya haki. Sasa posho mill iko mbali, jua lilikuwa linachoma, sanduku lilikuwa limepoteza gurudumu moja, na hapo karibu na reli kuna Otis, jamaa wa kununua vyuma chakavu, mwenye mizani ya kuning'iniza. Nikajiambia kilo ni kilo.

Mizani ikasema kumi na saba.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama shujaa, nikamwambia Mama bado kuna nafasi tele. Mama kusikia hivyo akampigia Anti Rose anayekaa Kawangware, ile sehemu wanaiita Kongo, na Anti Rose hajui kuja mikono mitupu, akatokea na unga wa wimbi, dagaa wa omena, njugu, na kuku aliyekaushwa akafungwa kwa gazeti kama mtu anayeficha uso. Nekesa akauliza kwani Vietnam watu hawali, Mama akamuuliza kama kwa zile picha alizotumiwa na shule aliona ugali mahali. Vyote vikaingia. Mimi nikakalia sanduku ndio zipu ifunge.

Kule ewapoti wasindikizaji hawaingii ndani, kwa hivyo mimi, Mama na Anti Rose tulipiga naye picha nje, Mama akaomba maombi marefu, Nekesa akaingia akitupungia mkono kama rais. Hata hatujapata kivuli tukamwona anarudi, anasukuma sanduku, uso umekunjamana.

"Barasa, ulipimia wapi?"

"Kwa mizani."

"Mizani ya nani?"

Nikataja Otis, na hapo ndipo nikakumbuka (yaani hapo, si kabla) kwamba mimi mwenyewe tangu darasa la nne nimekuwa nikimtukana Otis kila nikimuuzia vyuma, kwa sababu ile mizani yake ni ya wizi, unampelekea injini inasoma kama kijiko. Kila mtoto wa Laini Saba anajua. Wengine ni mimi niliwaambia!

Nekesa hakunipiga. Alisema tu kaunta inakaribia kufungwa na akikosa hii ndege kazi imeenda, halafu akavuta zipu, na zipu ikapasuka yote. Unga wa wimbi ukanimwagikia miguuni, omena zikaenda na upepo hadi kwa familia fulani ya suti iliyokuwa inapiga picha (mahali fulani kuna picha nzuri ya familia na omena wetu). Anti Rose akamwaga mfuko wake mkubwa wa mistari, Nekesa akaanza kuhamishia vitu humo huku akivaa gauni juu ya gauni ili zisipimwe. Mama alikuwa ameshika kuku. Nekesa akamwambia polepole, "Mama, siwezi na chati za kufundishia na kuku pia." Zile chati nilizichora mimi, zina twiga anayefanana na punda. Mama akamwangalia kuku, akaniangalia mimi, akamrudisha kuku kwa gazeti. Nekesa akakimbia ndani, mnene kama godoro, na hakurudi tena.

Mngedhani imeisha. Sasa sanduku lililopasuka nani alibeba? Nikashuka Laini Saba nalo kichwani, Mama akiwa nyuma na Anti Rose, na Mama Brayo, jirani yetu, akanisimamisha kwa sauti ya matanga akitaka kujua kama Nekesa amerudishwa. Mimi nimechoka, nina unga mpaka kwa soksi, nikamjibu, "Eeh, wamesema Kiingereza chake kimezidi kilo."

Ilikuwa utani tu. Mama alipofika mlangoni alikuta akina mama wa kanisa wamejaa, chai imepikwa, pasta ameshaanza kumwombea Nekesa moyo wa kukubali. Ilibidi aeleze kila kitu tangu mwanzo, na kila akifika kwa Otis watu walikuwa wanageuka kunitazama.

Kesho yake nilimwendea Otis nikiwa nimefura. Hata hakuacha kugonga vyuma.

"Wewe ulisema nipime," akasema. "Hukusema nipime ukweli."

Mama ameshashona ile zipu, kwa sababu Nekesa ametuma meseji kwamba wali umemchosha, atumiwe unga. Mimi nimeapa kupima kila kitu posho mill, hata jua liwe vipi. Lakini hakuna aliyeniuliza. Sanduku linapakiwa upya kwa Anti Rose, huko Kawangware, na nimekatazwa kulikaribia.