Mwaka Kiwanda Kilipoupenda Uso Wangu

Ndui ilinila uso nikiwa mtoto, ikaniachia mashimo ambayo vijana wa kwetu Mulongwe hawakuacha kuyataja kila nilipopita na maji kichwani. Kwa hiyo nilishangaa sana, katika miaka ile ya hamsini, kiwanda cha pamba cha bonde la Ruzizi kilipotuma kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kunitafuta kwa sababu ya sura yangu. Ndui ilikuwa imerudi. Chanjo ilifika kwanza kwa bwana mkubwa wa kiwanda, kwa mkewe, kwa watoto wake, na nadhani kwa mbwa wake pia. Kwa wafanyakazi ingefika siku yoyote. Akahitajika mtu ambaye ugonjwa umeshamalizana naye, awatunze wagonjwa. Hatimaye mwanaume mwenye gari alikuwa ameuona uzuri wangu.

Nilikubali kwa sababu mmoja wa wagonjwa alikuwa mdogo wangu, aliyekuwa akishindilia marobota ya pamba. Walilazwa katika hangari nyuma ya kiwanda, na mlangoni aliwekwa askari, asije mgonjwa akaenda kufia kwao bila ruhusa. Kiwanda chenyewe hakikusimama. Wazima walikatazwa kurudi kwao wasieneze ugonjwa, lakini walifanya kazi bega kwa bega penye mashine, ambapo, kwa maajabu ya Mungu, ndui haikuruhusiwa kuingia.

Siku ya posho, wazima walipata unga, maharagwe na mawese. Hangari haikupata kitu. Nikamfuata kapita.

"Mugonjwa iko natumika, iko nafanya kazi?" akaniuliza. "Mwenye hatumike, hakule."

Mdogo wangu alikuwa na vidonda hadi kooni. Bila uji asingefika Jumapili. Nami niliikumbuka siku alipoajiriwa: kapita huyuhuyu alitusomea sheria ya serikali kwa sauti ya padri, kwamba mfanyakazi akiugua, mwajiri atamtibu na kumlisha. Tulipiga makofi, washamba sisi.

Nikaenda kwa bwana mkubwa na nguo zilezile za hangarini, sikujisumbua kuzibadili. Alikuwa barazani na kahawa yake.

"Simama paka pale!" akapiga kelele, nisisogee hata hatua moja.

"Ndiyo, Bwana. Sheria inasema mugonjwa wa kazi akule posho." Nikasogea kidogo, ili anisikie vizuri.

"Nitafikiri! Simama!"

"Bwana iko nafikiri, batu biko banakufa." Nikapanda ngazi ya kwanza.

Kikombe kikaanguka; chanjo yake hakuiamini kiasi hicho. Nimewaona mawakili siku hizi na suti zao; hakuna aliyewahi kuifafanua sheria upesi kama kitenge changu cha siku ile. Kabla jua halijawa kali, unga ulikuwa mlangoni mwa hangari, na maharagwe, na chumvi ambayo hata sikuiomba.

Mdogo wangu akapona. Alipoweza kutembea, alivaa shati safi akaenda kazini. Kapita akamwambia ameachishwa: alikosa kazi bila ruhusa, na mtu wa namna hiyo ni mtoro. Mtoro! Alikuwa amelala nyuma ya kiwanda, askari mlangoni, akiisikia mashine yake mwenyewe ikigonga. Nyumba ya kambini ilikuwa ya kazi, basi mkewe akaanza kutoa vyungu nje.

Nikarudi kwa bwana mkubwa. Safari hii alinikaribisha kwa tabasamu hadi barazani, maana ndui ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa mwanamke tu mwenye uso mbaya. Akasema utaratibu ni utaratibu. Ila mimi nisiende mbali, akaniambia, kwa maana ugonjwa unaweza kurudi.

Nilimchukia. Nilishuka nikamsaidia wifi yangu kubeba vyungu hadi Mulongwe, na njia nzima nilimchukia. Padri hunihimiza nisamehe. Namwambia ajaribu kwanza yeye, kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye hakuajiriwa tena na mtu yeyote, lakini kila homa ilipomshika aliamka akaenda kulima. Tulimkatalia, tukamfichia jembe. Alifia hapo, katika shamba lake mwenyewe, mwili ukiwaka moto, akiogopa kuitwa mtoro.