Maji ya Baraka ya Mzee Huseni

Pale Kilangala kuna majogoo, lakini nyumbani kwa Mzee Huseni Nurdin hakuna anayeyasubiri. Yanapopasha koo, mzee ameshasimama mlangoni anaita, "Mswaki!" Wajukuu wake, Bashiru na dada yake mdogo Imani, hutoka wanafikicha macho, kila mmoja na kijiti alichokatiwa na babu na kutafuniwa ncha na yeye mwenyewe hadi ikalainika. Shikamoo hungoja kwanza. Mzee Huseni haitikii salamu ya kinywa kilicholala.

Ana amri nyingi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mtoto hatoki uani bila ndala, kwa kuwa funza hawachagui ukoo. Mtoto haendi shule na chai kavu tumboni, anakunywa uji wa mtama mpaka kikombe kionekane kitako. Bibo likidondoka huoshwa ndipo lilambwe. Na Isha ikishapita hakuna hadithi wala simu, ni kulala tu, maana usingizi, asema mzee, ndio unaomrefusha mtoto. Yeye amelala mapema tangu utoto wake, na kimo chake ni kile kile cha mchi wa kinu, lakini nani wa kumwambia?

Majirani humcheka, kisha huwaita watoto wao na kuwauliza kwa nini wao hawana meno kama ya wajukuu wa Huseni.

Ukimjua vizuri, lakini, utajua kwamba kitu anachokipenda kuliko amri zake zote ni sinia la mchana. Tangu mkewe, Bi Somoe, alipofariki, chakula cha peke yake hakimpiti kooni. Baba wa watoto, mwanawe wa pekee, msimu wa korosho huwa yuko Somanga, anawauzia abiria wa mabasi korosho zilizobanguliwa na mzee. Kwa hiyo wanabaki mzee, mkamwana wake ambaye kila mtu humwita Mama Imani, na hao watoto wawili. Mchana mkeka hutandikwa, sinia likaja na ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na watu watatu, mzee na wajukuu wake, wakalizunguka. Mzee huwa anawasogezea dagaa upande wao kwa kidole, akijifanya hapendi dagaa. Anawapenda watoto wale mapenzi ya kumtia aibu mtu mzima.

Kabla ya kula huja bakuli la maji ya kunawa. Ni bakuli moja, na lina utaratibu. Anaanza mkubwa, anatumbukiza mikono na kuisugua, halafu Bashiru, halafu Imani. Yule wa mwisho, akishanawa, huchota kidogo kwa kiganja na kujipaka usoni. Ni maji ya baraka. Mzee Huseni mwenyewe alipokuwa mdogo alikuwa wa mwisho kwenye bakuli la babu yake, na mpaka leo anaamini miaka yake yote ameipata mle. Imani, aliyetoka kung'oka meno ya mbele, hujipaka kwa bidii mpaka masikioni.

Msimu huu mzee alibangua korosho nyingi kuliko msimu uliopita. Alizikaanga uani kwenye karai bovu, moshi ukamtoa machozi, kisha akakaa chini na jiwe lake akagonga asubuhi nzima. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayobabua ngozi, na kila mbanguaji hupaka mikono majivu kabla ya kuanza. Kila mbanguaji isipokuwa Mzee Huseni. "Majivu ni ya wageni," husema, akionyesha viganja vyake vilivyokomaa kama kwato. Adhuhuri ikifika alikuwa akiinuka na mikono yake myeusi, anatia udhu kwa maji matupu yasiyotoa mafuta, anaswali, anakuja mkekani, anatumbukiza bakulini.

Ndipo uso wa Imani ukaanza kuharibika. Kwanza yalikuja madoa mekundu pembeni mwa macho, kesho yake malengelenge shavuni, keshokutwa mtoto hawezi kucheka vizuri. Mzee alijua jibu kabla ya kuulizwa. "Mabibo hayo. Analamba bila kuosha, utomvu unamrukia." Akamgombeza Imani, akamgombeza Bashiru kwa kutomwangalia mdogo wake, akagombeza na mkorosho.

Mama Imani alimpeleka mtoto zahanati. Alirudi na dawa ya kupaka na maneno ya muuguzi: kuna kitu kinamuunguza, aoge na anawe kwa maji ya kumiminiwa, na sabuni. Njia nzima alikuwa akifikiri, na alipofika uani akaliona bakuli, akaona na mikono ya mkwewe. Utamwambiaje baba mkwe kwamba baraka zake zinababua watoto? Alichofanya ni kuwapakulia wanawe jikoni, akawanawisha kwa kopo, na sinia la mzee akalipeleka mkekani peke yake. "Watoto wameshakula, baba," akasema, macho chini.

Mzee akasema Alhamdulillahi, akamega tonge moja, akalizungusha kwenye kisamvu muda mrefu. Sinia lilirudi jikoni karibu kama lilivyokwenda. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata alisema hana njaa, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na kutoka kule alikuwa anawasikia wajukuu wake wanagombania ukoko jikoni. Iliuma, na hakuona haya kujiambia kwamba inauma. Mtu amezika mke, amelea, amekata miswaki, leo anatengwa kama kuku mwenye kideri.

Siku hiyo alasiri Imani alimletea maji ya kunywa. Mzee akamvuta karibu.

"Mjukuu wangu, kwa nini siku hizi hamli na mimi?"

Imani alitazama kopo, akatazama jikoni, akaamua kusema kweli kwa sababu alikuwa hajafikia umri wa kujua kingine. "Maji yako yanauma, Babu. Nikijipaka yanauma. Ila mimi nilikuwa sisemi, kwa sababu ni ya baraka."

Mzee Huseni alimpapasa kichwani kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, akamwacha aende.

Jua lilikuwa bado liko juu alipokwenda kulichukua lile bakuli, akatia maji, akanawa mikono yake kama kawaida, akayatazama. Juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi. Miaka yote ulikuwapo, naye miaka yote alikuwa anauona na kuuita uchafu kidogo. Akachota, akajipaka ndani ya kiwiko, pale ambapo ngozi ya mzee bado ni laini kama ya mtoto. Alipokuwa anatia udhu kwa ajili ya Magharibi palikuwa panawasha. Asubuhi palikuwa na malengelenge. Akakumbuka kwamba birika la udhu, analolitumia mara tano kila siku ya Mungu, humimina maji safi na kumwaga machafu chini, na kwamba hajawahi hata siku moja kutia udhu ndani ya bakuli. Alitikisa kichwa, akajiita mjinga kwa Kimwera, lugha anayoitumia kwa mambo mazito.

Asubuhi hiyo alibangua korosho akiwa amepaka majivu mpaka vifundoni. Bashiru alisimama na mkoba wake wa shule akashangaa, akaambiwa aende zake shule.

Mchana mzee alikuja mkekani na birika mkononi na kipande cha sabuni. "Mama Imani," akaita, "waambie wenzangu waje." Mkamwana alitokea mlangoni na mwiko, akakuta mkwewe amekaa kwenye kigoda, amekunja mikono ya kanzu, birika limeinuliwa.

"Baba, sisi ndio wa kukunawisha wewe," akasema, amefadhaika.

"Mmeninawisha vya kutosha. Aanze mdogo."

Imani akanyoosha mikono. Maji yakamiminika, sabuni ikatoa povu, yale machafu yakaenda zake mchangani. Hapo ndipo alipoyaona malengelenge kwenye kiwiko cha babu.

"Na wewe yamekuuma?"

"Yameniuma, mama."

Akamwangalia babu yake kwa huruma kubwa, kisha akasogeza uso wake mbele, akafumba macho, akangoja. Mzee alielewa anachongoja. Aliitazama mikono yake kwanza, huku na huku, akaipaka sabuni tena, akaisuuza tena. Ndipo akamimina maji kidogo kiganjani, akampaka mjukuu wake usoni, taratibu, akipita pembeni mwa makovu.

Sinia lilirudi jikoni jeupe, na Mama Imani akaitwa alete dagaa nyingine.