Siku ya Tatu ya Semina

Katika shule yetu ya msingi huku Mwiki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimamia mafunzo ya walimu. Kwa wakubwa, kazi hiyo ilimaanisha kupeleka majina na kuhakikisha kila mwalimu amekaa kitini hadi apewe cheti.

Likizo moja ya Agosti tuliitwa Thika kwa siku tatu, tujifunze mbinu mpya za kufundisha hesabu. Siku mbili za kwanza mkufunzi alitusomea maandishi yaliyomulikwa ukutani neno kwa neno, kana kwamba hatujui kusoma. Siku ya tatu hakuja. Tulingoja ukumbini mpaka saa saba, kisha ofisa aliyeandaa semina akaniletea fomu ya mahudhurio.

"Madam, weka sahihi siku zote tatu, watu waende nyumbani."

"Leo hatujafunzwa chochote."

"Si ni karatasi tu, madam?"

"Kama ni karatasi tu, basi ikibaki wazi hakuna atakayeumia."

Nikatia sahihi mbili, nikamrudishia kalamu yake.

Baadaye nililetewa barua kutoka ofisi ya elimu: nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua kwa utovu wa nidhamu. Nilijibu kwa sentensi moja, kwamba siwezi kushuhudia somo ambalo halikufanyika. Mwalimu mkuu alinisihi niongeze hata neno la kuomba radhi. Nilikataa.

Lakini hasira yangu haikuwa imemfunza mtu hesabu. Shule zilipofunguliwa niliwaambia wenzangu tuwe tunaingia madarasa ya wenzetu kila Alhamisi, tutazamane tukifundisha. Mwalimu wa gredi ya sita, mama aliyekaribia kustaafu, akaweka kikombe chini.

"Mimi nilishika chaki kabla wewe hujajua kuandika jina lako. Nani atakuja kunikagua?"

"Hakuna. Anzeni na mimi."

Alhamisi hiyo walijipanga nyuma ya darasa langu la gredi ya nne. Nilikuwa nimekata chapati za karatasi, moja vipande vinne, nyingine vipande vinane, na nilijiona nimejiandaa kweli. Nikauliza ni kipi kikubwa, robo au thumuni. Msichana mmoja akasema thumuni. "Hapana," nikamwambia, nikamgeukia mwingine.

Kipindi kilipoisha, yule mama alinishika mkono.

"Ulimwambia hapana, hukumuuliza kwa nini. Sisi tulimsikia akimnong'onezea mwenzake ati nane ni kubwa kuliko nne. Na wenzake wote wa dawati hilo wakakubali."

Nilikuwa na faili nzima ya vyeti, na hakuna mkufunzi aliyewahi kuniambia neno la maana kama hilo. Kesho yake nilirudia somo lote, safari hii nikiuliza kwa nini mpaka watoto wakachoka nami.

"Wiki ijayo njooni kwangu," mama yule akasema. "Lakini atakayenicheka atanijua."

Tulikuwa darasani kwake yule ofisa wa semina alipotokea mlangoni bila taarifa. Alitutazama walimu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto.

"Nani ameidhinisha hii?"

Kabla sijasimama, mama yule aligeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi.

"Mimi. Hili ni darasa langu. Kaa hapo nyuma, ofisa, ama utupishe tumalize."

Hakukaa. Aliondoka, na ile barua ya utovu wa nidhamu ikabaki kwenye faili yangu. Nilipoenda kuhojiwa kwa ajili ya cheo cha naibu mwalimu mkuu, waliisoma kwa sauti, wakaniuliza kama najuta. Nikasema sijuti. Cheo alipewa mwingine, na iliniuma, sitadanganya.

Hata hivyo hatujakosa Alhamisi hata moja. Muhula huu walimu wawili wa shule moja ya Gatongora walinipigia simu, wakitaka kuja kutazama. Mmoja akauliza kwa woga barua ya kuomba ruhusa wamwandikie nani.

"Msimwandikie mtu," nikamwambia. "Njooni Alhamisi, kabla ya saa nane."