Sahani ya Mama Peke Yake

Hili sijamwambia mtu: leo nimemlisha kaka yangu chakula cha mgonjwa, na hajajua.

Mama ana kisukari. Tangu aambiwe, nampikia chakula chake na kumwekea sahani yake pembeni. Mimi na kaka tunakula ugali wetu pamoja. Siku za karibuni Mama alikuwa haongei kabisa. Jana alimeza dawa bila kula, akaanza kutetemeka. Niliogopa sana.

Leo nikasonga ugali mdogo wa dona, nikachemsha samaki sato, nikapika mboga ya mnafu, nyingi. Nikaandaa sinia moja tu, la sisi sote watatu.

Kaka akakunja uso. "We Nyamizi, majani yote haya! Kwani humu ndani tunafuga mbuzi?"



Mara Mama akanawa mikono, akasogeza kigoda chake. "Kula, mbuzi wangu mkubwa."

Akacheka! Mama yangu! Akala mpaka akashiba, na baadaye tulipompima, sukari ilikuwa vizuri.

Sasa najiuliza: kilichokuwa kinamnyima raha ni sukari, au ile sahani ya pembeni? Nyie mnaonaje?

Ila jamani, msimwambie kaka. Ameagiza kesho nipike vilevile.