Merv na Jezi Namba Sita

Kaka yangu Merv Doolan ana bucha hapa Mullabri, mji wetu mdogo wa Australia, na kwa miaka mingi alicheza raga mstari wa mbele, kule wanakowekwa watu wenye shingo nene na mawazo machache. Kazi yake ilikuwa moja: pokea mpira, inamisha kichwa, gonga mtu, inuka, rudia. Aliipenda. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani kwa alama nne, alikuwa hafungi, kwa sababu kila alipoukaribia mstari huo pumzi ilikuwa imeshamwishia.

Na klabu yetu ina mila yake. Mchezaji asiyefunga trai hata moja msimu mzima, baada ya mechi ya mwisho hukimbia uchi kuzunguka uwanja, viatu tu miguuni. Merv alikuwa ameshazoea, nasi tulishamzoea, Mungu atusamehe.

Lakini mwaka huo binti yake Kerrin alikuwa ameposwa, na wazazi wa kijana wangekuja kutoka Sydney siku ileile ya mechi ya mwisho. Baba mtu, Bwana Fairlie, ni daktari wa meno. Siku ya posa alimwita kaka yangu "Bwana Doolan" na kumpa mkono kwa ncha za vidole.

"Dada," Merv akaniambia, "nikikimbia uchi mbele ya yule mtu, Kerrin ataingia kwao kwa aibu. Mwaka huu lazima nifunge."

Hapo ndipo namba sita wetu alipoanguka na pikipiki akiswaga kondoo, akavunjika mfupa wa bega. Namba sita ndiye anayeupata mpira mapema na kuamua apewe nani. Asipokuwepo, wengine wanagongana tu. Kocha wetu ni Noeline Tibbs, mama anayeendesha basi la shule. Siku hiyo aliingia buchani kununua soseji, akamkuta Merv anahudumia watu wanne kwa mpigo: anamkatia huyu mbavu, anamrushia yule kifurushi bila kumtazama, anamuuliza wa tatu habari za goti la mumewe.

"Namba sita wangu nimempata," Noeline akasema.

"Mimi, mama? Na tumbo hili?"

"Tumbo halirushi pasi. Hapa dukani unawaona watu wote. Ukiingia uwanjani tu, unainamisha kichwa kama dume la kondoo linalotafuta ugomvi."

Basi mji mzima ukawa kocha. Noeline aliwaagiza wateja: mkimkuta ameinamia kisu, mpigieni kelele. "Kichwa juu, Merv!" Hata padri, aliyekuja kununua maini kwa utaratibu wake, alipiga kelele. Kidogo kaka yangu ajikate kidole. Lakini alikuwa na furaha moja ya siri. "Namba sita hufunga trai, dada," aliniambia. "Nimeokoka."

Siku ya mechi nilikuwa nakaanga vitunguu kando ya uwanja. Bwana Fairlie alikuwa amekaa jukwaani karibu nami, ameishika pai yangu ya nyama mbali na tai yake. Kila Merv alipopata mpira, watu walipaza sauti, "Kichwa juu!"

"Wanamaanisha nini?" akaniuliza.

"Ndivyo tunavyomlea," nikamjibu.

Merv alicheza vizuri kuliko nilivyotarajia, ila trai hakupata. Zikabaki dakika chache, wapinzani wetu, Yarrabee, wakituongoza kwa alama mbili. Merv akaupokea mpira karibu kabisa na mstari wao. Mbele yake kulikuwa na kijana mmoja mwembamba, na wenzake wawili wakija mbio kumsaidia. Nikaacha vitunguu viungue.

"Nenda mwenyewe, Merv! Nenda!"

Akainua kichwa. Kulia kwake Clive Schuster, mwenzake wa zamani wa mstari wa mbele, alikuwa peke yake, hana wa kumkaba. Merv akampa mpira, Clive akauweka chini nyuma ya mstari, tukashinda.

Nilimfuata huku mwiko wa vitunguu bado mkononi. "Mjinga wewe! Ulikuwa na njia!"

"Nilimwona Clive, dada."

"Na Fairlie hukumwona?"

"Nilimwona pia."

Mila ni mila. Merv akatoka chumba cha kubadilishia nguo akiwa na viatu tu, mikono imeziba panapozibwa, kidevu kimegota kifuani. Miaka mingine tulipiga vigelegele. Safari hii kila mtu alijua alichojinyima, na hakuna aliyethubutu kucheka. Akaanza kukimbia, akifuata mstari wa pembeni, hadi akafika mbele ya jukwaa.

Bwana Fairlie akasimama, tai imekaa upande, ina mchuzi wa nyanya.

"Kichwa juu, mkwe!" akapaza sauti.

Merv akakiinua, na kwa furaha akampungia mikono yote miwili.